Usipokunywa, Unakunywa Nini?

Kila boom likiingia, kuna sentensi moja utaisikia kwenye karibu kila meza ya wanachuo hapa Singida mjini. Watu wamekaa saba au wanane, kuku wa kienyeji ameagizwa, mhudumu anazunguka kuchukua oda: moja baridi, moja ya moto, huyu Safari, yule Castle. Anafika kwa mtu wa mwisho. Mtu huyo anasema, "Mimi situmii." Kabla hajaongeza neno, jirani yake anamjibia: "Oya, mpe soda huyo."

Makala hii ni ya huyo wa soda. Sizungumzii kuacha pombe. Mahubiri hayo mmeshayasikia nyumbani, kanisani, msikitini na kwenye semina ya mwaka wa kwanza. Nazungumzia jambo dogo zaidi. Asiyekunywa naye ana ulimi, naye ana usiku mzima wa kukaa na wenzake, na soda ni jibu baya kwake.

Nina rafiki yuko mwaka wa pili, ambaye muhula uliopita alikuwa kwenye dozi ya kifua kikuu. (Nimemwomba ruhusa kuandika haya.) Dozi ile ni ya miezi 6, na muda wote huo pombe ni mwiko, kwa sababu dawa na pombe vyote hupita kwenye ini, na ini lina kikomo chake. Hakutaka darasa zima lijue. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa bia mbili tatu, kwa hiyo soda ya ghafla ingezua maswali: umeokoka? una mimba? umefulia? Akaona heri asitoke kabisa. Kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni yuko hosteli, mlango kafunga. Ugonjwa umepona, tunamshukuru Mungu, lakini ile meza haikumrudia kama zamani. Ukiniuliza mimi, alichokosa miezi ile siyo pombe. Alikosa glasi ya kushika.

Na sababu za watu ni nyingi. Kuna wa dini, kuna mwenye mtihani kesho saa mbili, kuna mwenye pikipiki nje, kuna aliyekulia nyumba ambayo baba alikuwa anarudi amelewa. Kuna asiyependa tu, na hiyo nayo ni sababu kamili.

Soda inakosea wapi

Tuanze na hesabu, maana nusu ya wasomaji wa gazeti hili ni watu wa uhasibu. Chupa ya Coca-Cola ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari, yaani vijiko 9 vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja tu umeshapita. Wenzako wakiagiza bia nne na wewe soda nne, unarudi hosteli na karibu gramu 150 za sukari tumboni, halafu unashangaa kwa nini usingizi hauji.

Ila sukari siyo shida kubwa kuliko zote. Shida kubwa ni kwamba soda inaisha. Kitu kitamu, cha baridi, chenye gesi, kinapita kooni bila kusimama. Dakika tano chupa tupu, na wewe umebaki unachezea kifuniko wakati wenzako ndio kwanza wamefika nusu. Bia haiendi hivyo kwa sababu ina uchungu; mtu anapiga funda, anaweka chini, anaongea. Kinywaji cha kukaa nacho lazima kiwe na kitu kidogo kinachokuzuia.

Wazee wetu wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Nenda pwani, Tanga au Unguja, uone baraza la kahawa jioni: kikombe kidogo kama yai, kahawa chungu isiyo na sukari hata chembe, kipande cha kashata pembeni, na watu wanakaa saa tatu wanabishana siasa na mpira. Hata huku bara wauza kahawa wapo, birika juu ya mkaa, na vijiwe vya drafti vinaishi kwa kahawa hiyo. Hakuna mtu anayemwambia mnywa kahawa chungu kwamba anakunywa kitu cha watoto. Ni kichungu, ni cha moto, kinanywewa polepole, kinanywewa na watu. Kinywaji chochote kinachotaka kukaa nafasi ya bia kinaweza kupimwa kwa vigezo hivyo.

Pombe inafanya nini mdomoni

Tukitaka kuchagua vizuri, tujue kwanza tunachokitafuta ni nini. Weka pembeni ulevi. Tazama ulimi peke yake.

Kwanza kuna moto. Ule ukali unaoshuka kifuani ukinywa kitu kikali sio ladha, ni hisia ya kuungua. Kwenye neva za mdomo kuna kipokezi ambacho kazi yake ni kukwambia kwamba chai ni ya moto mno. Wanasayansi wanakiita TRPV1. Pilipili inakiamsha hicho hicho, na pombe nayo inakigusa. Tangawizi pia. Kwa hiyo mtu anayesema juisi "haina kitu ndani" mara nyingi anakosa moto huo, na moto huo unauzwa sokoni kwa fungu.

Pili kuna uchungu. Kwenye bia unatoka kwenye maua ya mmea uitwao hopsi. Tatu kuna ukakasi, ile hali ya ulimi kukauka na kusinyaa kama umetafuna ndizi mbichi; ndio unaoitofautisha divai nyekundu na juisi ya zabibu. Nne kuna uchachu. Na tano kuna gesi, ambayo haitekenyi tu: ikiyeyuka kwenye maji inakuwa asidi nyepesi, ndiyo maana maji ya gesi yana ukali kidogo hata yakiwa hayana kitu kingine.

Utamu, kama unavyoona, haumo kwenye orodha. Upo kwenye bia na divai, lakini umekaa nyuma.

Malti siyo bia isiyo na kilevi

Hapa ndipo wengi tunachanganya. Ukienda dukani au kaunta ukasema unataka "bia isiyo na kilevi", utapewa malti: Grand Malt, Bavaria, Azam Malti, Malta Guinness. Ni vinywaji halali na vingi ni vitamu, lakini tuelewane ni kitu gani.

Bia inaanza na kimea. Shayiri inaloweshwa, inachipua, inakaushwa, inasagwa, inachanganywa na maji ya moto, na wanga wake unageuka sukari. Maji hayo matamu yanawekewa hamira. Hamira inakula sukari na kutoa pombe na gesi. Sasa malti, kwa ujumla, ni bia kabla hamira haijafanya kazi yake: sukari yote bado ipo, na mara nyingine kiwanda kinaongeza nyingine. Ndiyo maana inashibisha kama uji na huwezi kunywa tatu.

Bia ya 0.0 ni kitu kingine. Hiyo inapikwa kama bia ya kawaida, hamira inakula sukari, halafu pombe inatolewa. Njia moja ni kuipasha moto ndani ya mtungi uliotolewa hewa. Kwa kawaida pombe huchemka kwenye nyuzi 78, lakini hewa ikipunguzwa inachemka kwenye joto dogo zaidi, kwa hiyo bia haipikwi hadi ikaharibika ladha. Njia nyingine ni kuipitisha kwenye vichujio vyembamba sana. Kinachobaki kina uchungu wa hopsi na sukari kidogo. Heineken 0.0, iliyoingia sokoni duniani mwaka 2017, ni ya kundi hili; kwenye supamaketi za miji mikubwa unaweza kuipata, ingawa bidhaa za aina hii mara nyingi zinakuja na bei ya kukufanya ufikirie mara mbili. Kulipa zaidi ili upate kilichopungua, hiyo ndiyo biashara.

Kwa hiyo ukishika chupa, geuza nyuma. Tafuta gramu za sukari kwa kila mililita 100. Zikifika 10 na kuendelea, umeshika soda ya kahawia. Zikiwa 5 au chini, umekaribia bia.

Tafuta pia asilimia ya kilevi. Maneno ya mbele ya chupa yanadanganya kwa sababu kila nchi ina kipimo chake. Ujerumani na Marekani kinywaji kinaweza kuitwa kisicho na kilevi hata kikiwa na pombe hadi karibu asilimia 0.5, Uingereza maneno hayo yanataka isizidi asilimia 0.05. Asilimia 0.5 ni kidogo: chupa kumi zake ndizo zinalingana na bia moja ya asilimia 5, kama ujazo ni ule ule. Kwa mtu anayetaka tu kuendesha salama, haina shida. Kwa anayejizuia kwa ajili ya imani, au kwa ajili ya dozi, tofauti ya 0.5 na 0.0 ni kubwa, na uamuzi ni wake na sheikh wake, mchungaji wake au daktari wake. Kuna Waislamu ambao hata 0.0 hawaitaki kwa sababu ya jina na sura ya bia, na wapo wanaoona malti haina tatizo. Nchi za Ghuba zimejaa malti za ladha ya matunda, na Waswahili wa Oman wanazijua vizuri. Usimlazimishe mtu kwa hoja ya "mbona ni sifuri".

Na kuna mtego wa upande wa pili. Savanna, Redd's, Smirnoff Ice: kwenye meza zetu vinaitwa vinywaji laini, vya kina dada, "kama juisi tu". Vina kilevi cha karibu asilimia 5, sawa na bia. Utamu umefunika tu. Nimeshuhudia watu wakimpa mgeni asiyetumia pombe chupa ya namna hiyo kwa nia njema kabisa.

Wenzetu Kenya waliliona soko hili mapema. Mwaka 2008 kampuni ya bia ya EABL ilileta Alvaro, kinywaji cha kimea kisicho na kilevi, kikauzwa kama kitu cha watu wazima kukaa nacho baa bila aibu. Kilipendwa kiasi kwamba Coca-Cola wakajibu mwaka huo huo kwa kuleta Novida. Makampuni mawili makubwa yanagombea mtu asiyekunywa! Sisi bado tunamjibia, "mpe soda".

Togwa

Kabla ya kuhangaika na vya kuagiza, tuangalie kilichopo. Singida ni mkoa wa mtama na uwele, na mtama wa kanda hii ya kati viwanda vya bia vinaununua. Nafaka hiyo hiyo, kwa njia fupi zaidi, inatoa togwa.

Togwa ni bia iliyosimamishwa njiani. Unapika uji wa mtama au mahindi, unauacha upoe hadi unaweza kutia kidole bila kuungua. Kisha unaweka unga wa kimea, wa ulezi au wa mtama, na kidogo cha togwa ya jana kama ipo. Ukikoroga, utaona uji mzito unalegea mbele ya macho yako kama uchawi. Ni vimeng'enya vya kimea vinakata wanga kuwa sukari. Ndiyo maana uji usiwe wa moto sana: ukiwa unachemka unaviua, na unabaki na uji mzito mpaka kesho. Baada ya hapo bakteria wa jamii ile ile inayogandisha maziwa wanaanza kula sukari na kutoa asidi. Kati ya saa 12 na 24 una kinywaji chachu, chenye utamu mdogo na harufu ya nafaka, ambacho asidi yake inatosha kuwazuia vijidudu vingi vya kuharisha.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Norway walichapisha uchunguzi wa vijidudu vya togwa. Pamoja na hao bakteria walikuta hamira. Hapo ndipo pa kuangalia. Ukiiacha siku mbili tatu kwenye chumba chenye joto, hamira inachukua usukani na togwa yako inakuwa pombe. Kwa hiyo togwa ya kunywa ni ya leo au ya jana, na ikikaa, ikae kwenye friji. Ukifungua ndoo ikakupokea kwa povu na harufu kali, hiyo siyo togwa tena, hata aliyeileta aape.

Niseme ukweli: togwa haimfichi mtu. Ukiinywa baa inaonekana togwa. Sehemu yake ni mchana, kijiweni, kwenye kibanda cha kuangalia mpira, siku ambayo timu inacheza pale LITI na jua linawaka. Ichuje kwa kitambaa safi, iwe baridi sana, iwekwe kwenye glasi ndefu. Baridi inapunguza utamu na kuacha uchachu mbele. Mwenye kupenda bia nyepesi atakuelewa.

Divai, na kwa nini zabibu sio jibu la kwanza

Tumepakana na Dodoma, kwa hiyo mtu akisikia divai isiyo na kilevi anafikiria juisi ya zabibu. Ina historia yake. Mwaka 1869 daktari wa meno Mmarekani, Thomas Welch, alichemsha juisi ya zabibu ndani ya chupa ili hamira ife na juisi isichache, kwa sababu kanisa lake lilitaka meza ya Bwana isiyo na kilevi. Njia yake ndiyo iliyozaa juisi za zabibu za viwandani, na hadi leo Wasabato na makanisa mengine mengi yanatumia juisi isiyochacha. Zile chupa za "shampeni" zinazofyatuliwa kwenye harusi na kipaimara nyingi nazo ni juisi ya zabibu yenye gesi.

Ila juisi safi ya zabibu ina sukari kama gramu 15 kwa mililita 100. Ni tamu kuliko soda! Sababu ni ile ile ya malti: hamira haijala kitu. Ukiwa nayo, changanya nusu kwa nusu na maji ya gesi, kamulia ndimu, na hapo inaanza kuwa na adabu.

Kwa maoni yangu, kinachokaribia divai kuliko zabibu ni rozela, ambayo wengine mnaiita choya. Ni ua jekundu lililokaushwa, linalimwa huku kwetu kanda ya kati na sokoni lipo mwaka mzima. Lina rangi ya divai, uchachu wa divai na ukakasi kidogo. Tatizo ni kwamba tunaitengeneza vibaya. Juisi ya rozela ya mtaani imejazwa sukari hadi inanata, na mara nyingine vanila juu. Hiyo ni soda nyekundu.

Jaribu hivi. Gramu 50 za rozela kavu, kama konzi mbili, kwenye lita 2 za maji. Tia kipande cha tangawizi kilichopondwa, karafuu nne, kijiti cha mdalasini. Chemsha dakika 10 tu. Ukizidisha inakuwa kama dawa ya kikohozi. Zima, kisha tumbukiza vipakiti vitatu vya majani ya chai kwa dakika tano na uvitoe. Chai ndiyo siri. Ukakasi wa chai ya rangi unatokana na viambata vya jamii moja na vile vinavyotoka kwenye ganda la zabibu, na ndio unaokifanya kinywaji kisimame ulimini badala ya kuteleza. Sukari weka vijiko vitano vya chakula, usionje ikiwa moto ukaongeza, subiri ipoe. Usiku, kwenye glasi yenye shina, hakuna atakayeuliza.

Ukwaju nao usidharauliwe. Asidi yake kubwa ni tartariki, ile ile inayotawala kwenye zabibu, na matunda machache yana asidi hiyo kwa wingi kama ukwaju. Loweka robo kilo kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu nusu saa, fikicha, chuja mara mbili, punguza kwa maji ya gesi ya baridi. Chumvi kidogo sana, sukari kidogo. Kinywaji hiki na kuku wa kuchoma ni ndugu: uchachu unakata mafuta, na kila funda linakurudisha kwenye nyama. Ubuyu, pamoja na mapenzi yangu yote, ni mzito mno kwa kazi hii. Uache uwe ubuyu.

Mezani pa watu wa kokteli

Hapa ni rahisi, kwa hiyo sitakaa sana. Kokteli nyingi ni mchezo wa vitu vitatu, uchachu, utamu na moto, na moto tumeshasema unapatikana bila pombe. Mgahawa wa Carnivore wa Nairobi unajulikana kwa kokteli iitwayo Dawa: vodka, ndimu, barafu, na asali iliyozungushwa kwenye kijiti unachokorogea mwenyewe. Toa vodka, weka maji ya tangawizi makali, na umebaki na kitu ambacho mama zetu wanakiita dawa kweli kweli.

Sisi tuna bahati ya asali. Asali ya Manyoni na Itigi inasifika nchi nzima, na kwa miaka mingi imekuwa ikigeuzwa wanzuki. Vijiko viwili vya asali hiyo, ndimu moja, maji ya tangawizi robo glasi, barafu, jaza maji ya gesi, pitisha kipande cha pilipili mbuzi juu na ukitoe. Kama baa ina Krest ya limau chungu au maji ya toniki, umepona zaidi: toniki ina kwinini kiasi kidogo sana, haitibu malaria hata kidogo, ila uchungu wake ni wa watu wazima. Toniki, barafu na ndimu, mwambie kaunta aweke kwenye glasi fupi. Kwa macho ya jirani yako hiyo ni jini.

Juni na Julai, upepo wa Singida ukianza kazi yake, sahau barafu. Ile rozela ya karafuu pasha, weka kwenye kikombe, na wenye bia baridi mkononi ndio watakaokuonea wivu.

Mambo matatu ya kuangalia

Vinywaji vya kuongeza nguvu sio mbadala. Red Bull ya mililita 250 ina miligramu 80 za kafeini na sukari kama ya soda. Ukinywa tatu usiku wa Ijumaa unaamka Jumamosi umechoka kuliko aliyelewa.

Pili, chochote cha nyumbani chenye sukari kikikaa nje ya friji kinaanza kuchacha chenyewe. Rozela ya Jumatatu usiimwage kwenye glasi ya mwenye dozi siku ya Alhamisi, na usiifunge kwenye chupa ya kioo, maana gesi inaweza kuipasua.

Tatu, na hili ni zito kidogo. Kama rafiki yako alikuwa mlevi na anajitahidi kuacha, usimletee bia ya 0.0 ukidhani unamsaidia. Harufu ile, povu lile, chupa ile, vinaweza kumrudisha alikotoka. Wapo wanaosaidika nayo, wapo wanaoanguka kwa sababu yake. Mwulize mwenyewe, faragha, na kama anasita mpe kitu kisichofanana kabisa: tangawizi ya moto, ukwaju, kahawa chungu. Glasi inayofanana na ya wenzake ilimfaa rafiki yangu wa kifua kikuu. Kwa huyu inaweza kuwa sumu.

Kwa kamati za sherehe

Mwisho niseme na viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi na kamati za kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Bajeti ya vinywaji kila mwaka ina mistari miwili, bia na soda. Mstari wa tatu hauli hela.

Kwa watu 40, glasi mbili mbili za mililita 250, unahitaji lita 20. Hiyo ni nusu kilo ya rozela kavu, nusu kilo ya tangawizi, karafuu na mdalasini vya kununua sokoni kwa vipimo vidogo, vipakiti 30 vya chai, na sukari isiyozidi kilo moja. Kwa kilo hiyo kila glasi inapata kama gramu 12, chini ya nusu ya glasi ya soda ya ukubwa huo. Chemsheni asubuhi kwenye sufuria mbili kubwa, maana inataka saa kadhaa kupoa kabla ya kuingia kwenye friji au kwenye ndoo ya barafu. Chujeni vizuri. Katoni moja ya maji ya gesi pembeni kwa wanaotaka mapovu, ndimu zilizokatwa kwenye sahani.

Na msiliweke jagi hilo meza ya peke yake kule kona, lenye karatasi iliyoandikwa "wasiotumia". Liwe kaunta ile ile, kando ya kreti za bia, na glasi zile zile. Mhudumu akifika kwa mtu wa mwisho, amwulize kama anavyowauliza wengine: "Nikupe ipi, dada?"